Ukifungwa, Inuka

Ndia Kuu haina meza ya poka. Nimeitembea kutoka upande wa Fort Jesus hadi inapomezwa na vichochoro vya kwendea Bandari ya Kale, na sikuiona, wala sikutarajia kuiona. Kasino za Mombasa ziko nje ya Mji wa Kale, huko kwenye mahoteli. Mtaa huu una misikiti, wauza vinyago, mafundi wa nguo, kahawa na paka. Lakini poka nilikuja nayo kichwani. Basi la kutoka Tanga lilipokuwa linangoja zamu yake mpakani Horohoro, nilikuwa nikitazama kwenye simu fainali za World Series of Poker, zile za Las Vegas, moja baada ya nyingine, na swali likanishika ambalo halikuniacha hata kwenye kivuko cha Likoni: mahali ambapo watu hawachezi pesa, woga wa kupoteza wanajifunza wapi?

Mtaa wenyewe ni mkongwe kuliko michezo yake mingi. Wareno walioanza kujenga ngome mwaka 1593 waliuita Raposeira na kuweka nyumba zao humu. Leo tuktuk na bodaboda zinagombania upana uliokusudiwa punda na hamali, na juu yake roshani za mbao zilizochongwa zimeinama kana kwamba zinasikiliza. Nyumba kadhaa zimetengenezwa upya, nyingine zimeachwa zipukutike chokaa. Sitakaa sana hapo. Kuhusu milango na roshani za Mombasa yameandikwa mengi na watu wanaozijua.

Kitu ambacho hakiandikwi sana ni karata. Waomani waliizingira ngome kuanzia 1696 hadi ilipoanguka mwaka 1698, Wareno wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728, kisha wakaondoka kabisa. Mizinga ilibaki ukutani, karata zikabaki vibarazani. Kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu: anayezipanga mkononi anazitaja kwa lugha ya watu waliotimuliwa, na anaweza kuzichezea wahedi-wa-sitini, mchezo ambao jina lake ni la Waarabu waliowatimua. Hakuna anayeona ajabu.

Vijana nao wana poka yao, na hapo mgeni hupotea njia. Niliwakuta wanne nje ya duka, kreti ya soda imepinduliwa ikawa meza, mmoja akigawa karata kwa kasi ya mtu anayehesabu noti. Nikasikia neno poka, nikasogea. Si ile. Poka ya Kenya, ambayo wengi huiita kadi tu, ni ya kufuatisha namba au aina ya karata iliyo juu. Mbili na tatu humlisha mwenzako karata, jeki humruka, mfalme hugeuza mzunguko, nane na malkia ni maswali yanayodai jibu. Anayekaribia kumaliza hana budi kutangaza: "Niko kadi!" Akinyamaza, hana ruhusa ya kufunga.

Niliwatazama kwa muda, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba mchezo huu ni kinyume kabisa cha ule wa Las Vegas. Kule ufundi ni kuficha: una karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani kwa wote, na kila unachofanya na uso wako ni ushahidi dhidi yako. Hapa sheria inakulazimisha useme kwamba umebakiza hatua moja, ili wote wakurukie. Nilipowauliza kama wanaijua poka ya Texas, mmoja akajibu bila kuinua macho, "Ile ya sinema?" Wakaendelea.

Nilichokuwa nikikitafuta nilikipata kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka Ndia Kuu kuelekea baharini. Baraza ya mawe, dele la kahawa juu ya makaa, bao katikati ya watu wawili, na wengine wamesimama au wamechuchumaa kulizunguka. Nikatoa salamu, ikaitikiwa na wote pamoja bila hata mmoja kuinua uso. "Ndoo, keti kitako," akaniambia mzee mmoja mwenye kofia ya vito, akajisogeza kidogo, macho yangali kwenye kete.

Nikangoja kidogo, kisha nikamuuliza, "Mzee, mnacheza kwa pesa?"

"Pesa haramu, mwanangu. Hapa twateza kitako. Ukifungwa, inuka."

Ndiyo sheria yote. Wanaokaa ni wawili. Anayeshinda habanduki, anayeshindwa anainuka, anaenda nyuma ya foleni, na jioni ikiwa na watu wengi huenda asikae tena. Na kahawa? Nilidhani hulipwa na aliyefungwa, kama nilivyoona kwingine. Mzee akakataa kwa kichwa. Kahawa hulipwa na mshindi. Akilipa aliyefungwa, imekuwa dau, na dau ni kamari hata likiwa la kikombe kimoja. Nilipenda sana hilo. Wamezifunga njia zote za pesa kuingia, na kitu pekee kilichobaki cha kupoteza ni pale ulipokaa.

Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wa enzi za Wamazrui aliyefariki karibu mwaka 1840, na bao limo katika tungo zake. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Mzee wa kofia alipolitaja jina la Muyaka, alilitaja kama jirani aliyehama juzi. Mchezo tuliokuwa tukiutazama haukuwa umebadilika sana tangu hapo: mashimo 32, kete 64 za komwe, nusu kwa nusu. Unaanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi, unaziingiza moja moja katika hatua ya namua. Zikiisha, ndipo hatua ya mtaji huanza. Hakuna kilichofichwa. Kila kete iko mbele ya macho ya kila mtu, ingawa kuhesabu ni kwa jicho, kidole hakiruhusiwi.

Basi bao na poka vinakutania wapi? Kwa mbinu za kete na karata, havikutani karibu popote. Vinakutania kwenye kuinuka.

Poka ya kawaida ya kasino ni ya pesa mkononi: ukifilisika unatoa noti nyingine, unaendelea. Poka ya mashindano sivyo. Unalipa kiingilio, unapewa chipu, zikiisha unasimama, mwingine anabaki. Hapo chipu si pesa tena, ni muda wa kukaa, na wachezaji wengi hodari wa pesa mkononi hushindwa kulielewa jambo hili. Chukua watu watatu waliobaki, zawadi ni 50, 30 na 20, na kila mmoja ana theluthi ya chipu. Thamani ya kila mmoja ni 33 na theluthi. Wawili wakitia zote, mshindi anakuwa na theluthi mbili za chipu, lakini thamani yake haijawa 66 na ushei. Imekuwa 43 na theluthi, maana hata akizichukua chipu zote hatapewa zaidi ya 50. Aliyeshindwa anaondoka na 20. Kwa hiyo kila mmoja wao alihatarisha 13 na theluthi ili apate 10. Pambano la nusu kwa nusu, ambalo kwenye pesa mkononi halina hasara, hapa ni hasara tupu. Unahitaji kuwa mshindi zaidi ya mara 57 katika kila 100 ndipo likufae. Na yule wa tatu, aliyetupa karata zake akawa anakunywa maji, amepata faida bila kucheza.

Barazani sikuona mtu akipiga hesabu hiyo kwa kalamu. Niliiona ikichezwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majumba, na pale kuna kanuni nyingine ambayo niliifahamu kwa kuchungulia tu: adhana ya Magharibi ikikuta mchezo haujaisha, bao huachwa, na baada ya Isha anayeanza kukaa ni yule aliyekuwa na kitako tangu mwanzo. Aliyekuja kumpinga hurudi kwenye foleni. Mwenye kitako jioni hiyo alikuwa kijana wa jezi ya Arsenal, mpinzani wake ni bwana wa makamo, msuli wa bluu, mkono mwepesi kama upepo. Bado walikuwa kwenye namua. Kete ya mwisho ya kijana ikaangukia kwenye nyumba yake, iliyokuwa imejaa. Angeweza kuisafirisha, kuzimwaga kete zile bao zima na kula alichokula. Akalala, yaani akasimama papo hapo. Zamu iliyofuata akafikiri mpaka watu wakaanza kukohoa. Akaingiza kete moja, akala kidogo, akalala tena.

"Teza!" mmoja akamwambia. "Adhana haikungoji wewe pekeyo."

Kijana akatabasamu, akalishika goti lake. Alikuwa na haki. Haraka haikuwa yake, ilikuwa ya mpinzani, na yule wa msuli wa bluu alilijua hilo, kwa hiyo alipopata nafasi akaisafirisha nyumba yake mapema kuliko alivyotaka, ikazunguka, ikafa upande mbaya. Las Vegas wanaujua sana ujanja huu. Karibu na mstari wa malipo, pale ambapo wakitoka wachache tu waliosalia wote wana zawadi, wenye chipu chache hukawia makusudi wakiomba meza nyingine itoe mtu; ndiyo maana waandaaji huamuru meza zote zicheze mkono mmoja mmoja kwa pamoja, hakuna kuanza mwingine mpaka wote wamemaliza. Mombasa hawana mwandaaji. Wana mwadhini.

Adhana ikaita, bao likafunikwa kwa kitambaa, kijana akainuka akiwa bado na kitako chake.

Kati ya Magharibi na Isha wengine walibaki msikitini. Wachache tuliorudi mapema tulikunywa kahawa, na ndipo nilipoitoa simu nikawaonyesha mabingwa wangu. Nilianza na Phil Hellmuth, kwa kuwa hakuna mwenye bangili nyingi za World Series, tuzo ya mshindi wa kila shindano, kumzidi: 17, ya kwanza mwaka 1989 alipokuwa na miaka 24, akimnyima Johnny Chan ubingwa wa tatu mfululizo, na ya 17 mwaka 2023. Niliwaonyesha pia anavyofoka akishindwa, anavyosimama na kumtukana aliyemshinda kwa karata dhaifu, na nikawaambia aliwahi kudai kwamba kama si bahati angeshinda kila shindano. Mzee wa kofia akatazama mpaka mwisho.

"Huyu hapa hangeinuliwa na bao," akasema. "Angeinuliwa na watu."

Sikubishana, ingawa nina maoni yangu. Vijana wa poka ya kompyuta humcheka Hellmuth: hajui nadharia, hutupa karata nzuri, hucheza kwa woga. Mimi naona wanamsoma vibaya. Katika mchezo ambao aliyetoka hatarudi, anayejua kutotoka ana elimu, hata kama hawezi kuieleza kwa namba. Mtu hapati bangili 17 katika miaka 34 kwa bahati ya kubebwa. Domo lake ndilo silipendi.

Phil Ivey aliwagawa. Bangili zake ni 11, ya mwisho ya mwaka 2024, naye anakaa kimya huku akimtazama mpinzani mpaka mpinzani atamani kuombewa dua. Wa msuli wa bluu akampenda papo hapo. Wengine walimwona mkavu; mtu asiyesema, baraza yake ya nini? Hao walimchagua Daniel Negreanu, mwenye bangili saba, anayezungumza mchezo mzima na kumtajia mpinzani karata anazodhani anazo, huku akimsoma anavyojibu. Walicheka, wakasema huyu angeweza kuzaliwa mtaa wa Kuze. Mimi ni wa Ivey, na nilisema hivyo, nikabaki na wa msuli wa bluu tu upande wangu.

Mmoja akauliza: na bao, lina watu wa namna hii? Wapo, ila hawalipwi. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa bao wa Zanzibar akachunguza uwezo wao wa kukokotoa kichwani mizunguko mirefu ya kete, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu yao huko Leiden. Poka ina mamilioni ya dola na bado watu wanabishana kama ni ufundi au bahati. Bao halina senti, na hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba ni ufundi.

Kisa kilichowasisimua zaidi, lakini, kilikuwa cha Jonathan Tamayo. Mwaka 2024 watu 10,112 waliingia shindano kuu la World Series, akabaki yeye na Jordan Griff, na katikati ya mikono Tamayo alikuwa akienda pembeni kwa rafiki zake waliokuwa na kompyuta. Akashinda dola milioni 10. Kelele zikawa nyingi, na kabla ya mashindano ya 2025 sheria za vifaa hivyo zikakazwa. Nilitarajia barazani walaani. Walicheka.

"Basi sisi sote twafungiwa," akasema mmoja.

Kweli, kwa sababu bao la Mombasa halichezwi na watu wawili. Linachezwa na wawili na kuzungumzwa na wanane. Kila hatua ina washauri, na kila mshauri ana mpinzani wake wa kushauri kinyume. Lakini nilivyotazama, shauri la barazani hutolewa kwa sauti, mezani, na mpinzani analisikia vilevile. Na kwa kuwa yanagongana, mchezaji anabaki peke yake kama mwanzo. Kompyuta ya Tamayo ilinong'ona upande mmoja. Hilo ndilo lililoniudhi mimi, si ile mashine. Tangu mwaka 2019, programu iitwayo Pluribus ya watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, kila kijana makini anajifunza kwa mashine nyumbani kwake, na hakuna ubaya, ila wengi sasa wanacheza namna moja, hata wanavyokaa.

Kuhusu pesa, sitajidai kwamba Mji wa Kale umeepukana nazo. Kijana mmoja pale pembeni hakulitazama bao hata mara moja. Alikuwa na mechi za Ulaya kwenye simu, akibeti kwa kidole gumba. Kenya ilikuwa na sheria ya kamari ya mwaka 1966, iliyoandikwa wakati kamari ilikuwa na mlango wa kuingilia, na mpya ikatiwa saini Agosti 2025. Mlango sasa uko mfukoni. Anachokosa kijana yule ni cha kumwinua: akiliwa, anaweka tena, na hakuna anayesubiri nafasi yake.

Baada ya Isha kitambaa kikafunuliwa. Nilipewa zamu kwa heshima ya ugeni, nikafungwa mkononi, yaani kete za namua hazijaisha, safu yangu ya mbele ikawa tupu. Nikainuka. Kijana wa Arsenal akapona kwa watu wengine wawili, kisha akakaa mzee wa kofia ya vito, na huyo hakuwa na subira ya adhana tena: usiku ulikuwa mrefu, kulala nyumba hakukumsaidia yeyote. Kijana alifungwa akiwa bado anafikiri. Akaja nyuma yangu kwenye foleni, akaniomba nimwonyeshe mkono mmoja zaidi.

Nikamwonyesha ule wa 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, ameingia shindano kuu kupitia shindano dogo la mtandaoni kwa kiingilio kisichofika dola 100. Watu 839 wamekwisha wote isipokuwa yeye na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Karata tano ziko mezani. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker hana kitu, mfalme tu, na anatia zote. Farha anafikiri, sigara isiyowashwa mdomoni, anazungumza, anamtazama. Mwishowe anatupa karata. Mkwara umepita, na muda si mrefu Moneymaker anachukua dola milioni 2.5.

"Hata mimi ningetupa," kijana akasema. "Tisa tu? Apoteze kitako kwa tisa?"

Mzee alikuwa akipanga kete upya, sikujua kama alikuwa anatusikiliza. "Wamebaki wangapi hapo?" akauliza.

"Wawili, mzee."

"Na wa pili apewa nini?"

Nikamwambia: dola milioni 1.3, zake tayari, hata akifungwa sasa hivi.

"Nyuma yake hakuna mtu wa kumngoja atoke, na wa pili ashalipwa," akasema mzee, akimwashiria mwenye dele amiminie watu kahawa, maana alikuwa ameshinda. "Aogopani tena?"